Mtaa Ulivyomtetea Emelyne

Mwanaiddi aliposoma ujumbe ule kwenye simu alipiga kelele, tena kelele ya haja, mpaka Suzana mama ntilie, aliyekuwa anakanda unga wa chapati ng'ambo ya barabara, akadhani kuna msiba. Msiba gani! Afisa kazi anakuja. Kesho asubuhi anafika Mpanda, anakuja kukikagua kiwanda cha Mwanaiddi hapa hapa Kashaulili, na akiridhika anapeleka taarifa juu, na taarifa ikiwa nzuri Emelyne anapata kibali cha kazi. Baada ya miezi ya kusubiri, ya kupakia picha za pasipoti kwenye mtandao unaokatika kila mvua ikinyesha, hatimaye anakuja mtu mwenye macho na miguu. Mwanaiddi akafunga mtandio, akaufungua, akaufunga tena, akatoka mbio kwenda kuuambia mtaa.

Na hapo ndipo alipoharibu. Lakini tusimhukumu mapema jamani, twende taratibu, maana mwanamke huyu alikuwa na haki zote za kuchanganyikiwa kwa furaha.

Kiwanda chenyewe, tusidanganyane, kilikuwa chumba kimoja kikubwa chenye sakafu ya vigae, ubavuni mwa bucha la Mabula. Ndani kulikuwa na mapipa ya asali ya Inyonga na ya Ugalla, ile asali nyeusi nzito ya miombo ambayo ukishaionja hutaki tena kusikia habari ya sukari. Katikati ya chumba ilisimama mashine. Ili kuipata, Mwanaiddi aliuza duka zima la vitenge aliloachiwa na marehemu baba yake, akainunua kutoka kiwanda kimoja cha Bujumbura kilichokuwa kinafunga milango. Kazi yake ni kujaza asali kwenye vipakiti vyembamba, vile unavyochana pembeni ukakamulia kwenye chai. Kampuni moja yenye hoteli zake Arusha ilishavionja vipakiti hivyo, ikavipenda, ikasema: tuleteeni kabla msimu wa watalii haujaanza, msipoleta tunachukua kwa mwingine.

Shida ilikuwa moja tu. Mashine ilimkataa kila mtu. Mafundi wa Mpanda waliijaribu, ikatema asali ukutani. Akaitwa fundi kutoka Tabora, mtu anayeheshimika, mwenye boksi la spana linalong'aa, ikamtemea kifuani. Mwanaiddi akatangaza kazi kwa kubandika karatasi na kwa redio, kama sheria inavyotaka, kwamba anatafuta Mtanzania anayeijua mashine ya namna hii. Wakaja watu wazuri, wenye vyeti vyao, na mashine ikawafungia vipakiti vitupu kabisa, asali yote chini. Mtu aliyeijua alikuwa mmoja, Emelyne, aliyeiendesha kule Bujumbura tangu ikiwa mpya. Na kwa bahati, Emelyne huyo alikuwa mtoto wa ndugu mdogo wa Odeta, Odeta huyu huyu anayeuza maharage pale kona.

Basi Emelyne akapanda basi akaja. Lakini Mwanaiddi hakuwa mtu wa njia za panya. Alishaambiwa wazi kwamba mgeni hagusi kazi mpaka kibali kitoke, naye akalishika neno hilo kuliko hata waliomwambia. Emelyne alikaa kwa mama yake mkubwa kama mgeni wa matembezi, mhuri wake kwenye pasipoti, na kila asubuhi alikuja kukaa kwenye kigoda mlangoni mwa kiwanda, mikono mapajani, akiitazama mashine iliyofunikwa kitenge. Kuna siku aliona skrubu imelegea, akasimama bila kujijua.

"Usiiguse!" Mwanaiddi aliruka kutoka nyuma ya mapipa.

"Sijaigusa dada, naiangalia tu."

"Hata kuiangalia, angalia kidogo."

Muda wake wa matembezi ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi. Kibali kisipotoka, Emelyne anarudi kwao, mashine inabaki chuma cha kuning'inizia nguo, na Mwanaiddi anabaki hana duka wala hana kiwanda. Sasa wewe niambie, angeacha vipi kupiga kelele siku ile ujumbe ulipoingia?

Alisimama katikati ya barabara, kati ya bucha na meza ya Suzana, akapaza sauti: "Jamani! Kesho maafisa wanakuja kwa ajili ya Emelyne! Wakiwauliza, mteteeni! Nawaomba msiniangushe!"

Akamaliza hapo. Akarudi ndani kusugua vigae, moyo unamdunda kwa raha.

Mtu asiyeishi mkoa huu hawezi kuelewa kosa liko wapi. Mpanda yetu hii imepokea watu kutoka kila upande, kuna waliovuka ziwa, kuna waliotembea na ng'ombe kutoka usukumani, kuna waliokuja wakikimbia vita, na karibu kila mmoja wetu amewahi kuulizwa na mtu mwenye kalamu: wewe ni wa wapi, babu yako aliitwa nani, alizikwa wapi. Kwa hiyo ukisema "maafisa wanakuja kwa ajili ya fulani", mtaa unaelewa jambo moja tu. Jirani hakai akafikiri. Anasema, huyu wa hapa. Ni adabu ya kawaida, kama kuamkia.

Na Emelyne walikuwa wanampenda, hilo nalo lijulikane. Alimfundisha Suzana kupika maharage kwa mawese, akamtengenezea Mabula mizani yake bila kudai hata mfupa.

Asubuhi yake gari likasimama. Akashuka mwanamke mfupi, mnene, miwani imening'inia shingoni, mwenye sauti ya upole ambayo ukiisikia unaanza kujikagua mwenyewe. Ndiye Bi Hilaria, afisa kazi. Mwanaiddi alimpokea, akamwingiza ndani, na ndani, wallahi, mambo yalikwenda kama yamepakwa mafuta.

"Kwa nini usimwajiri Mtanzania?" Bi Hilaria aliuliza.

Mwanaiddi akamwonyesha tangazo, akamwonyesha majibu ya majaribio, akamwonyesha na doa la asali ukutani ambalo halijatoka mpaka leo.

"Na huyu akiondoka, kazi inabaki na nani?"

"Na mimi," alijibu Nyanzala, mfanyakazi wa kiwanda, mama wa watoto wawili, Msukuma mwenye kujiamini. "Atanifundisha. Miaka miwili ikiisha mnikute naiendesha mwenyewe, na nikishindwa mnicheke."

Bi Hilaria alimtazama kwa kuridhika. Kisha akamgeukia Emelyne, akamuuliza ya shule, ya kazi, ya mashine, na Emelyne akajibu kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kirundi, macho yanawaka, mikono inachora hewani jinsi asali inavyopita. Hata hakukaribia mashine! Bi Hilaria akafunga faili. Akatabasamu, ndiyo, alitabasamu, Mwanaiddi alimwona.

"Ngoja nipate chai hapo nje," akasema, "niongee na majirani kidogo."

Mwanaiddi akafurahi zaidi. Majirani si ndiyo wenyewe! Akabaki ndani kumtafutia maji ya chupa.

Nje, Suzana alikuwa ameshamimina chai kabla hajaagizwa.

"Mnamfahamu dada huyu wa kwenye mashine?" Bi Hilaria aliuliza, akikata chapati.

"Emelyne? Mbona huyu wetu kabisa! Kazaliwa hapa hapa Mpanda. Mama yake alishikwa na uchungu mimi niko kwenye karai la maandazi, nikayaacha yakaungua yote."

Kijiko cha Bi Hilaria kikasimama kwenye kikombe. "Kazaliwa hapa?"

"Nyuma ya stendi pale."

Mabula alisikia kutoka buchani, akaja na aproni yake ya damu na kisu mkononi. Mabula alifika mkoa huu na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita, na hao wenye kalamu aliwachoka siku nyingi. "Huyo ni mtoto wangu wa kumzaa," akasema kwa sauti nzito. "Jina lake la nyumbani Kabula. Kazaliwa mvua inanyesha."

Bi Hilaria akamtazama Mabula, akamtazama Suzana. "Kwa hiyo nyie wawili..."

"Hapana!" Suzana akaruka. "Mama yake ni mwingine. Ni... alikuwa mke mdogo."

"Mke mdogo," Mabula akakubali, ingawa ndiyo kwanza anazisikia habari zake.

Yasser mwenye duka la simu akaona asipochangia ataonekana hana utu. "Mimi nimesoma naye shule ya msingi. Dawati moja!"

"Wewe una miaka mingapi?"

"Hamsini na mbili."

"Yeye ana thelathini na nne."

Yasser alifikiri kidogo. "Nilichelewa kuanza," akasema.

Mwanaiddi ndipo alipotoka na chupa ya maji, akasikia hilo la mwisho, akaona faili limefunguliwa tena na kalamu inatembea. Yarabi, wamesema nini hawa? Bi Hilaria akamwita pembeni, karibu na gari.

"Bi Mwanaiddi, ombi hili ni la kumwajiri mgeni. Si ndiyo?"

"Ndiyo bi."

"Mtaa mzima unaniambia ni mwenyeji. Ana baba, ana mama mke mdogo, ana na mwanafunzi mwenzake. Kama ni raia, hahitaji kibali, na hiyo pasipoti ya Burundi ni kitu gani? Kama si raia, kwa nini mnamfichaficha? Mtu hafichi kitu kisicho na tatizo."

"Hawamfichi bi! Wanampenda tu!"

"Mimi nakuelewa, nami nimezaliwa uswahilini. Lakini nilichosikia nimekisikia, siwezi kuandika kwamba sikusikia." Akaingia kwenye gari, akashusha kioo. "Nakwenda Inyonga, kuna kampuni ya tumbaku naikagua. Kesho jioni napita hapa nikirudi. Nikute mtu wa damu yake, anayemjua tangu kuzaliwa, aniambie huyu ni nani, mbele ya majirani hawa hawa. Nisipomkuta, naandika nilichosikia leo."

Gari likaondoka. Mtaa ukapiga makofi. Wallahi walipiga makofi! Mabula akaja amechanua uso: "Tumemmaliza, mama. Kaondoka mwenyewe."

Hapo Mwanaiddi akawaka. Alimwaga maneno ambayo hata yeye hakujua anayo. Aliwaita vichwa maji, aliwaita waharibifu, alimuuliza Mabula huyo mke mdogo kamzika wapi, alimuuliza Yasser kama shuleni alikuwa anasoma au anafuga ndevu. "Mmenitia mchanga kwenye kitumbua! Kibali ni cha mgeni! Kinatolewa kwa mgeni! Emelyne akiwa si mgeni, hakuna kibali, hakuna kazi, hakuna kiwanda! Mlitakiwa mseme ni mgeni, basi!"

Suzana ndiye aliyejibu, na alijibu kwa unyonge wa kweli: "Sasa dada, tungemwitaje mgeni? Na yeye amekaa pale mlangoni anatusikia?"

Hasira yote ikamtoka Mwanaiddi, akabaki amesimama na ile chupa ya maji. Emelyne alikuwa kwenye kigoda chake, machozi yanamtiririka, na katikati ya machozi anacheka hawezi kujizuia. "Dawati moja," alikuwa anarudia. "Dawati moja na Yasser!"

Mtu wa damu hakuwa wa kutafutwa mbali. Odeta alikuwa shambani kwake Katumba tangu juzi, anavuna maharage. Asubuhi na mapema Mwanaiddi na Emelyne wakapanda bodaboda moja, watatu na dereva, mishikaki, mtandio wa Mwanaiddi unapepea usoni mwa Emelyne, na njia nzima Mwanaiddi akiimba moyoni kwamba jambo limeisha. Mama mkubwa atasema maneno matatu tu, afisa ataandika, kwisha. Alikuwa ana uhakika hata akaanza kumweleza dereva rangi ya vipakiti.

Odeta aliwasikiliza ameinama, mikono inang'oa mashina. Walipomaliza akajinyoosha.

"Sisemi," akasema.

Mwanaiddi akadhani hakusikia vizuri. "Mama?"

"Mnataka nisimame barabarani, mbele ya watu wote wa Kashaulili, niseme mtoto wa mdogo wangu si wa hapa. Neno hilo mimi nimeambiwa tangu ni msichana mdogo. Nilikuja huku nimeshikwa mkono na baba, usiku, tunakimbia, mdogo wangu tumemwacha mgongoni kwa bibi kwa sababu alikuwa na homa. Nimekua naitwa mkimbizi. Nimeolewa naitwa mkimbizi. Siku nilipopewa cheti cha uraia nilikaa hapa hapa kwenye haya matuta, nikalia, nikasema hakuna mtu wa nyumba yangu atakayeitwa hivyo tena. Leo niseme mimi mwenyewe, kwa kinywa changu?" Akarudi kung'oa maharage. "Mwambieni huyo bibi ni mwanangu. Nitaapa."

Duka la baba yake likamjia Mwanaiddi machoni, na rafu zake zote za vitenge, na mashine imekaa kimya chini ya kitambaa. Alitaka kupiga magoti, alitaka kugombeza, akaona vyote havifai mbele ya mama huyu. Akakaa chini kwenye tuta.

Emelyne ndiye aliyesogea. Akainama, akaanza kung'oa maharage sambamba na mama yake mkubwa, wakaenda hivyo mpaka mwisho wa mstari.

"Mama mkubwa," akasema, "mimi sikukimbia."

Odeta akageukia mstari mwingine.

"Mimi mama yangu yuko Gitega, ana nyumba, ana mbuzi, jana kanipigia ananiuliza kama huku mnakula lengalenga, huu mchicha wenu. Nimetoka kwetu mchana. Nilikata tiketi, nikachagua siti ya dirishani. Mpakani wakaniuliza jina, nikalitaja lote. Ukiapa kwamba mimi ni wa hapa, utakuwa umenificha, na mimi sijafanya kitu cha kufichwa. Tena utakuwa umemfuta mama yangu." Akatupa mashina kwenye rundo. "Mimi nina kwetu. Nataka kufanya kazi huku nikiwa nina kwetu. Sioni aibu yoyote, mama mkubwa. Naona raha tu."

Odeta alisimama na konzi ya maharage mkononi, akamtazama yule binti kama ndiyo kwanza anamwona. Kisha akaangalia jua limefika wapi, akajipangusa mikono kwenye kitenge.

"Huyo bibi anafika saa ngapi?" akauliza.

Wee! Mwanaiddi aliruka kutoka kwenye tuta utadhani kang'atwa na siafu.

Jioni ile mtaa ulikuwa umejaa. Hakuna aliyeitwa, lakini nani angebaki nyumbani? Suzana alipika chapati mara mbili ya siku zote. Yasser alifunga duka. Mabula alivua aproni akavaa shati, na Mwanaiddi akapita kwa kila mmoja akimnyooshea kidole: leo mtu asitoe mchango, leo midomo ifungwe. Mwenyewe alikuwa hakai. Anaingia, anatoka, anachungulia njia ya Inyonga, anaingia tena.

Gari likaja limejaa vumbi. Bi Hilaria akashuka, akavaa miwani, akafungua faili juu ya meza ya chapati.

"Haya. Nani wa damu yake?"

Odeta akatoka mbele. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani na kilemba. "Naitwa Odeta. Ni raia wa nchi hii, cheti changu ninacho. Huyu binti..." Akasita. Mdomo ulikuwa unamcheza na neno halitoki. Mwanaiddi alishika mkono wa Nyanzala akauminya mpaka Nyanzala akalalamika. Suzana, ambaye hawezi kumwona mtu anateseka, akafungua kinywa: "Ni wa..."

"Suzana, nyamaza!" mtaa mzima ukasema kwa pamoja.

Odeta akamgeukia afisa. "Huyu si wa hapa," akasema, na sauti ikamkatika, akaikamata tena. "Ni mtoto wa mdogo wangu. Kazaliwa Gitega, kasoma Gitega, ana mama yake na ana kwao. Mimi ndiye niliyekuja nikikimbia. Yeye hakukimbia. Yeye kaja na basi, mchana kweupe, na pasipoti yake, kwa sababu ameitwa kazi anayoiweza. Hawa majirani wamemficha kwa kumpenda, na mimi ningemficha hivyo hivyo. Lakini msimfiche. Hana kosa. Andika, mwanangu, ni mgeni, na ni mgeni wangu."

Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi na hakuyafuta. Mwanaiddi naye analia, Nyanzala analia, Mabula anaangalia juu kama anatafuta mawingu. Bi Hilaria alivua miwani, akaipangusa kwa upindo wa gauni, akaivaa.

"Ahsante mama," akasema. "Hebu nirudie hapo alipozaliwa. Nilikuwa nakutazama, sikuandika."

"Gitega."

Kalamu ikatembea. Mabula akakohoa. "Bi mkubwa, na mimi niandike. Najiuzulu ubaba."

"Na yule mke mdogo?"

"Hajawahi kuwepo. Hata mke wangu akisikia habari hizo nitalala buchani."

"Na mimi sikusoma naye," Yasser akadakia.

"Hilo nilikuwa ninalo tayari," Bi Hilaria akasema bila kuinua uso, na hapo kicheko kikapasuka, kikapanda kutoka meza hadi meza, mpaka wapita njia wakasimama kuuliza kuna harusi ya nani. Bi Hilaria akafunga faili. "Taarifa yangu itakuwa nzuri," akamwambia Mwanaiddi. "Kutoa ni kwa wakubwa, lakini mimi nimeridhika." Mwanaiddi alimkumbatia afisa wa serikali barabarani, mzima mzima, na afisa akakubali kukumbatiwa.

Kibali cha kazi kikatoka kabla mwezi haujaisha, na cha ukaazi kikafuata. Mwanaiddi alipokisoma kwenye simu alikimbia mtaa mzima bila viatu, akitangaza, na safari hii akaeleza kila neno mara mbili mbili ili asitokee mtu wa kutetea. Watu wakajaa mlangoni. Emelyne akainuka kwenye kigoda. Akakivuta kitenge, akakikunja polepole, akamkabidhi Nyanzala. Kisha akaweka viganja vyote viwili juu ya ile mashine, akafumba macho, akacheka peke yake kama mtu aliyekutana na ndugu stendi. Akakaza skrubu yake ile. Akabonyeza.

Mashine ikakoroma, ikatetemeka, watu wakarudi nyuma kwa kuikumbuka historia yake. Kisha ikashika mwendo. Kipakiti cha kwanza kikadondoka kwenye beseni, kimejaa, kimefungwa, hakuna hata tone nje. Kikaja cha pili. Vikaanza kumiminika! Vigelegele vilivyopigwa pale vilifika sokoni. Mabula akakichana chake akakikamulia moja kwa moja mdomoni, akasema hajui habari za chai. Mwanaiddi alikuwa anavishika, anavirudisha, anavishika tena, anasema Alhamdulillahi, Alhamdulillahi, na Nyanzala tayari amesimama begani kwa Emelyne, anauliza hiki ni nini, na hiki, na hiki je.

Odeta aliingia wakati watu wamepungua. Hakuitazama sana mashine. Akamwomba Mwanaiddi amsomee kile kibali.

Mwanaiddi akasoma. Jina. Kazi. Mwajiri. Uraia, Mrundi.

"Imeandikwa hivyo hivyo? Waziwazi?"

"Waziwazi mama."

"Na anakaa. Hakuna wa kumfukuza."

"Anakaa, anafanya kazi yake."

"Na akitaka kwenda kwao likizo?"

"Anakwenda, anarudi. Mpakani anaonyesha hiki na pasipoti, anapita."

Odeta akaishika simu ile kwa mikono miwili ingawa kioo kilishazima. Halafu akavuta kigoda cha Emelyne, akakaa karibu kabisa na Mwanaiddi, akaongea kwa sauti ndogo.

"Mwanangu, wewe hao watu wa pasipoti sasa unawajua. Nifanyie na mimi. Miaka yote hii nimeogopa. Nilikuwa naona nikivuka mpaka, huku hawatanipokea tena. Nataka kwenda Gitega nikamwone mdogo wangu. Wakiniuliza pale mpakani, nitawaambia mimi ni mgeni, natoka Mpanda, naja kutembea tu halafu narudi nyumbani."